Kocha anamtaka mwanangu awe winga wa ngumi, baba yake kashakubali, mi nimebaki peke yangu

Shangazi shikamoo,

Naomba usitaje mji wala timu maana Waswahili wa huku tunajuana wote. Mi mtu wa Tanga, mume wangu ni wa Bukavu, tulikutana Kigoma tukaoana, tukaja Kanada 2011, tuko Ontario mpaka leo. Watoto wanne. Huyu ninaekuandikia habari zake ni wa pili, ana miaka 16 anaelekea 17, anacheza hoki ya barafu. Najua unanielewa ndo maana nimekuandikia wewe, ndugu zangu Tanga hata nikiwatumia video wanauliza hao wanakimbizana na nini.

Alianza na miaka 7, kuna watu walikuja shuleni wakawapa watoto skeiti za kuazima, nikasema ni za wiki mbili tu atachoka. Hajachoka. Mi nafanya kazi usiku nyumba ya wazee, natoka saa 11 alfajiri naunganisha rinki, ule uwanja wa barafu, nakaa pale na koti nasinzia, fimbo moja dola 300 na inavunjika kama kuni, skeiti ndo usiseme kila mwaka mguu umekua. Mume anaendesha lori, akiwa safarini wiki nzima ni mimi na begi na gari. Silalamiki, nakueleza tu ujue nimeweka nini humu ndani.

Sasa huyu mtoto ni winga wa kulia. Msimu uliopita kafunga magoli 19 na pasi za goli 22, sio mabaya kwa kweli. Ila ana mwili, sentimita 188, kilo 90, anakula kama watu watatu. Timu moja ya OHL, ligi ya vijana (junia) ya Ontario, ilimchagua mwaka jana raundi za chini huko, hawakumpigia simu mwaka mzima, juzi wametuita. Wanamtaka kambini mwisho wa mwezi wa nane na wanasema nafasi anayo. Tumekaa mezani mimi, baba yake, mtoto, na kocha msaidizi mmoja. Anasema tunampenda sana, ana umbo, wapinzani watamheshimu, tunataka awe anawalinda wenzake. Nikauliza kuwalinda na nini? Akacheka, akasema mama usijali atajifunza. Kwenye gari nikamuuliza mtoto, akaangalia dirishani, akasema mama ni kupigana.

Shangazi kwenye hiyo timu kuna wavulana wawili warefu kumzidi mwanangu, nimewaona kwa macho yangu. Hao hawajaambiwa wamlinde mtu. Mwanangu ndo mweusi peke yake.

Baba yake ndo kafurahi kabisaa. Kwake yeye kuna mtu mmoja duniani anaitwa Bokondji Imama, wazazi wake Wakongo, winga, anapigana, na kafika NHL, ligi kuu ya hoki. Kila nikifungua mdomo, "mama fulani, yule mtoto wa kwetu amefika kwa mikono yake, wewe unataka huyu afike kwa nini?" Na mtoto kashaanza, juzi nimeshuka chini basement nimemkuta na rafiki yake wameshikana jezi wanafundishana namna ya kuvuta, kwenye simu ni video za ngumi tupu. Huyu mtoto shangazi hajawahi kumpiga hata mdogo wake.

Mengine ni haya. Timu iko masaa saba kwa gari, ataishi kwa watu wanawaita bileti, mi mara ya kwanza kusikia nilidhani ni tiketi ya basi. Mama mmoja pale rinki kaniambia akicheza OHL hata mechi moja basi chuo cha Marekani asahau maisha. Na kuna kaka mmoja anajiita mshauri wa familia, anasema yeye atatupeleka vizuri mpaka NHL ila tumlipe dola 2,500 kwanza. Baba yake anataka tumlipe.

Nifanye nini? Nikikataa nitakuwa ndo mama alieua ndoto ya mtoto, nikikubali na akaumia nitajisemaje.

Mama wa Winga, Ontario

N.B. na ile harufu ya begi inatoka na nini? nimejaribu kila kitu


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikaisomea kwa sauti mzee wangu akiwa anakunywa chai, akasema hebu mjibu huyu leo leo kambi iko karibu.

Unajua kwanini umeniandikia mimi, wengine hawajui nitawaambia kidogo. Mwanangu wa tatu alikuwa winga wa kushoto. Kacheza mpaka akaingia profeshno, lakini sio ile ya kwenye tivi, ile ya chini yake ya chini, mnasafiri kwa basi usiku kucha mnashuka asubuhi mnacheza jioni mnapanda tena, mshahara unahesabiwa kwa wiki na ni dola mia tano na kitu. Alistaafu na miaka 27, bega moja mpaka leo haliwezi kufikia kabati la juu. Sio wa kuhurumiwa, ana kazi yake ana mke ana watoto, ila niliyoyajua nimeyajua kwa kuchelewa na ndo nakupa wewe mapema.

Kwanza tuelewane winga ni nani, maana naona nyumbani kwako kila mtu ana winga wake kichwani. Timu ya hoki usiku wa mechi kwa kawaida inavaa washambuliaji 12, mistari minne ya watu watatu watatu, kila mstari senta mmoja na mawinga wawili. Kwahiyo mawinga 8. NHL ina timu 32, piga hesabu, nafasi 256 za winga kwa dunia nzima, Wakanada, Wamarekani, Wasweden, Wafini, Warusi, Wacheki, wote wanazigombea hizo. Na winga ndo nafasi ambayo kila mtu anaweza kusukumiwa, senta akishindwa wanamfanya winga, ila winga kumfanya senta ni shughuli. Ndo maana winga lazima awe na kitu chake kimoja ambacho kocha akifumba macho anakiona. Kuna wa kufunga, kuna wa kukimbia na kuwasumbua mabeki kwenye kona, kuna wa kuua adhabu timu ikiwa pungufu, kuna wa kusimama mbele ya kipa kama mlango. Na zamani kulikuwa na wa ngumi.

Nimesema zamani, na hapa ndo nataka mumeo aje asome.

Hiyo kazi wanayomtafutia mwanao inafungwa. OHL wenyewe tangu 2016 wana sheria, mchezaji akizidisha mapigano matatu kwa msimu anaanza kufungiwa mechi. Matatu! Msimu mzima una mechi 68. Ligi ya Quebec wao 2023 wakasema basi, ukipigana unatolewa mechi hiyo hiyo. Na huko juu NHL yule mtu wa kukaa benchi usiku mzima anaingia dakika nne kupigana anarudi kukaa, kocha wa sasa hamtaki tena, mstari wa nne siku hizi unatakiwa ukimbie kama wa kwanza. Kwahiyo wanamfundisha mtoto wa miaka 16 ufundi wa kutengeneza taipureta. Atakuwa tayari akiwa na miaka 21 na duka limefungwa.

Sasa Imama. Mimi huyo kijana namheshimu sana na mumeo ana haki ya kujivunia, kazaliwa Montreal kwa wazazi Wakongo, kachaguliwa na Tampa Bay, timu ya NHL, 2015 namba 180, watu wengi wa namba hizo hawasikiki tena. Lakini mwambie mumeo aisome hadithi yote asichukue kipande anachopenda. Huyo Imama msimu wake wa mwisho wa junia, 2016-17 na timu ya Saint John, alifunga magoli zaidi ya 40. Arobaini! Alikuwa anafunga. Akaingia profeshno wakamuona mwili na mikono, akawa mtu wa ngumi, NHL mechi yake ya kwanza aliipata 2022 na Arizona, miaka 7 baada ya kuchaguliwa, na mpaka mwisho wa msimu wa 2024-25 ukijumlisha mechi zake zote za NHL hazijafika 82 ambazo ndo zilikuwa msimu mmoja. Miaka mingine yote ni AHL, ligi ya chini yake. Na huko huko AHL mwezi wa kwanza 2022 mpinzani alimfanyia ishara ya nyani uwanjani, ligi ikamfungia yule mtu mechi 30. Kwahiyo hata ukiwa na ngumi kubwa kuliko wote hazikukingi na hayo. Mimi ningekuwa na yule kijana mezani ningemuuliza swali moja tu, baba, wangekuacha ufunge ungekuwa wapi? Sijui angejibuje lakini baba wa mwanao ajiulize hilo hilo kwa huyu aliefunga 19.

Halafu lingine silipendi kulisema ila wewe ni mama lazima nikwambie. Derek Boogaard alikuwa winga wa kushoto, jitu refu, mpole nje ya barafu kama unavyosema wako hajampiga hata mdogo wake. Mechi 277 za NHL, magoli matatu, mengine yote ngumi. Alifariki 2011 ana miaka 28, pombe na vidonge vya maumivu vimechanganyika, na ubongo wake ulipopimwa Boston wakakuta umeshaharibika kwa kupigwa pigwa. Miaka 28 mwanangu. Sisemi kila anaepigana anafika huko. Nasema mtu akikuambia mama usijali atajifunza, yeye hatakuwepo wakati unajali.

Na lile la wavulana wawili warefu ambao hawajaambiwa kitu. Uliliona sawa sawa, usikubali mtu akwambie umelikuza. Simjui huyo kocha na siwezi kumsema roho yake, inawezekana hata yeye hajui amefanya nini, ila watoto wetu wakiwa na mwili wanatazamwa mwili kwanza na mikono yenye ufundi baadae. Dawa yake sio kugombana nae, dawa ni kumlazimisha aongelee hoki. Nitakuja hapo.

Maana wapo waliokuwa na mwili huo huo wakautumia kitu kingine. Wayne Simmonds, mtoto wa Scarborough hapo hapo Ontario kwenu, winga wa kulia, kapita OHL Owen Sound. Ngumi alikuwa nazo sikatai, na maudhi aliyapata, London Ontario 2011 mtu alimrushia ndizi barafuni. Lakini mkate wake ulikuwa mita moja mbele ya kipa, timu ikipata pawaplei, yaani wapinzani wako pungufu kwa adhabu, yeye anasimama pale, anapigwa fimbo za mgongo, hasogei, mpira unamgonga unaingia, mwingine anaugeuza kwa ncha ya fimbo (naandika mpira wakati ni paki, kile kisahani wanachokigombania, zoea la uzee). Mechi 1,037 na magoli 263. Hiyo ndo kazi ya mtoto wa sentimita 188 anaeogopwa, na haiishi soko, kila timu inamtafuta mtu wa kusimama pale na mtu hapatikani maana panauma.

Mwingine namtaja kwasababu ya shule, Joel Ward, winga wa kulia tena, wazazi wake wa Barbados, kazaliwa Toronto upande wa North York. Baba yake alipata kiharusi akiwa anamuangalia akicheza, akafariki, mtoto ana miaka 14. Kacheza OHL miaka yake yote pale pale Owen Sound, siku ya kuchaguliwa NHL hakuchaguliwa na mtu. Hakuna aliemtaka. Akaenda kusoma chuo kikuu cha Prince Edward Island, miaka minne, anasoma anacheza, akatoka hapo ndo akaingia ligi za chini, msimu wake wa kwanza kamili NHL ana miaka karibu 28, umri ambao wengine wanaanza kufikiria kustaafu. Akacheza mechi 726. Na 2012 alifunga goli la muda wa nyongeza mechi ya saba kuwatoa Boston waliokuwa mabingwa, nyumbani kwangu tulipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Baadae akawa kocha, 2023 kachukua kombe la Stanley, ndo kombe la NHL, akiwa kocha msaidizi Vegas.

Nimekuwekea huyu kwa makusudi maana alipita OHL na bado akasoma, na hapa tuingie kwenye mambo ya karatasi.

OHL ina mpango wa masomo, kwa kawaida kila msimu anaocheza anawekewa mwaka mmoja wa ada ya chuo. Vyuo vikuu vya Kanada siku zote vimekuwa vinapokea wachezaji wa OHL hilo halijawahi kuwa tatizo. Tatizo lilikuwa Marekani, na yule mama wa rinki hajakudanganya, kakupa habari ya jana. Zamani ukigusa OHL, NCAA, wale wasimamizi wa michezo ya vyuo vya Marekani, wanakufungia mlango. Novemba 2024 wakapiga kura kubadilisha, na kuanzia tarehe 1 Agosti 2025 mchezaji wa OHL anaruhusiwa kwenda kucheza chuo cha Marekani. Kijana Gavin McKenna, winga wa kushoto na mmoja wa wachezaji waliokuwa wanaongelewa kuliko wote wa rika lake, katoka Medicine Hat ligi ya magharibi kaenda Penn State mwaka huo huo. Kwahiyo hicho kisu ulichokuwa umeshikiwa shingoni, chagua OHL au chagua shule, hakipo tena. Asisaini tu mkataba wa NHL kabla hajaamua kuhusu chuo maana huo ndo unaofunga.

Ila huo mpango wa masomo uletewe kwa maandishi, jina la mtoto na sahihi, usikubali maneno ya mdomo ya "ada ipo mama". Mwanangu mimi tulipewa ya mdomo na klabu moja, sitaitaja, siku ya kwenda kudai tunaambiwa muda umepita. Uliza wanalipa ada tu au na vitabu na malazi. Uliza akikatwa mwezi wa 12 mwaka unahesabika? Akiumia? Baada ya kumaliza ana miezi mingapi ya kuanza kuutumia kabla haujafa, na akicheza profeshno mwaka mmoja ligi ya chini anaupoteza? Kila timu ina namna yake, na mtoto wa raundi za chini mara nyingi anapewa kidogo kuliko wa raundi ya kwanza, lakini wakikutaka kweli linaongeleka. Wamekuita wao, hukuwaita.

Kaka wa dola 2,500, msimlipe. Nimeandika vizuri hapo? Msimlipe. Wakala wa kweli wa NHL anaandikishwa na chama cha wachezaji, majina yao yako wazi mtu yeyote anaangalia, na anakula asilimia chache mchezaji akishasaini mkataba wa hela, sio kwa mama anaetoka zamu ya usiku. Hiyo 2,500 ni fimbo nane. Muulize umeandikishwa wapi, utaona anavyopata simu ya dharura.

Sasa huo mkutano. Rudini tena, wote watatu, na safari hii mtoto aongee kwanza. Wewe kazi yako ni kuuliza maswali ya hoki, usiingie kwenye maneno ya kulinda wala heshima, huko ndo watakuzungusha. Uliza, anaanza mstari wa ngapi na dakika ngapi kwa mechi. Uliza mawinga wa kulia mlionao wana miaka mingapi, maana kama wapo watatu wa miaka 18 na 19 mbele yake basi huyu atakaa jukwaani na suti, na mtoto wa 16 hakui jukwaani. Pawaplei yupo? Kikosi cha pili hata? Nani anamfundisha mwanangu kugeuza paki mbele ya kipa, siku gani, baada ya mazoezi au kabla. Halafu la mwisho liulize taratibu tu huku unatabasamu: akimaliza msimu bila kupigana hata mara moja na amefunga magoli 12, mtakuwa mmefurahi? Ukae kimya. Usimsaidie kujibu. Hicho kimya chake ndo jibu lako, mimi kwa hicho kimya ningejua kama mtoto anaenda au anabaki.

Na akibaki hajafa. Huyu hajafika hata 17, timu iliyomchagua inabaki na haki zake, anaweza kucheza junia A karibu na nyumbani mwaka mzima, alale kitandani kwake, ale chakula chako, afunge magoli 30, mwakani aende na bei nyingine kabisa. Watu wa kambi wanapenda kuwaambia familia ni sasa au basi. Mara nyingi sio basi.

Akienda, hao wa bileti, familia za kulea wachezaji, wengi ni watu wazuri kwa kweli, wangu alikaa na bibi mmoja na mumewe mpaka leo wanatumiana kadi za Krismasi na sisi Waislamu. Lakini usimpeleke kwa kuona jina tu kwenye karatasi. Nendeni mkalale mji huo siku moja, muone chumba, ujue kuna wachezaji wengine wangapi mle ndani na wa umri gani, waambie mnakula nini na nini hamli. Mpe na mtu mmoja wa kumpigia ambae sio kocha wala sio wewe. Kuna mambo wavulana wakubwa wanawafanyia wageni kwenye chumba cha kubadilishia na kwenye basi, mtoto hatamwambia mama yake hayo, atamwambia mjomba.

Mtikisiko wa ubongo nao mkubaliane kabla, akigongwa kichwa akaona giza anatoka, hata kama ni mechi ya fainali hata kama skauti, mtafuta vipaji wa timu kubwa, yuko juu. Willie O'Ree, mweusi wa kwanza kucheza NHL, 1958 na Boston, winga huyo pia, alipigwa paki jichoni akiwa junia hapo Kitchener akapoteza uwezo wa kuona jicho la kulia na akaficha maana wangejua wasingemchezesha. Alicheza miaka na miaka winga wa kushoto anageuza shingo nzima kutafuta paki kwa jicho moja, mpaka huko Los Angeles wakamhamisha upande wa kulia, akawa mfungaji bora wa ligi yao mara mbili. Watu wanaisimulia kama ushujaa na ni ushujaa, mimi nikiisikia nafikiria tu mama yake alijua lini.

Mumeo usimshinde mbele ya mtoto. Huyo baba hapendi ngumi, anapenda kuona mtoto wa Kongo kwenye tivi ya wazungu, na hapo mi namuelewa sana. Mpe kazi. Mwambie akiwa kwenye lori asikilize mechi, ahesabu mwanae kagusa paki mara ngapi kwenye eneo la kipa, sio kagonga watu wangapi. Mwekee video za Simmonds. Mwekee za Jarome Iginla, baba yake Mnigeria, winga wa kulia, magoli 625, nahodha wa Calgary, dhahabu mbili za Olimpiki, na pasi ya lile goli la Crosby lililoipa Kanada dhahabu 2010 ilitoka kwake akiwa ameshaanguka chini. Iginla alipigana pia, hakuwa mtu wa mchezo, lakini hakuna aliemwajiri kwa hilo.

Na mtoto mwenyewe mbona hukuniambia anataka nini? Umeniambia kocha, baba, mama wa rinki, kaka wa 2,500. Yeye kaangalia dirishani tu. Usiku mmoja ukiwa off mpeleke akale, nyinyi wawili, usimuulize kuhusu timu, muulize ni kitu gani kwenye barafu anakipenda mpaka anacheka mwenyewe. Wangu alikuwa anapenda kuiba paki kwa beki aliezubaa. Siku walipomwambia aache hiyo akagonge watu ndo hoki ilianza kumchosha, na hakuniambia kwa miaka minne.

Begi: harufu haitoki, acha kupoteza hela ya dawa. Kila akirudi afungue vyote, glavu mdomo wazi mbele ya feni, magazeti ndani ya skeiti, nguo za ndani zifuliwe siku hiyo hiyo sio kesho, na begi lenyewe likae gereji hata iwe nyuzi 20 chini ya sifuri, baridi inaua kidogo. Siki nyeupe na maji nusu kwa nusu inasaidia wiki moja. Halafu inarudi. Mi wangu ana miaka saba tangu aache hoki na gereji bado inanuka.

Shangazi